Kuanzisha na Kuendesha Klabu ya Wapiga Picha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa kwangu na watu wa aina mbili: wanaotaka kuanzisha klabu na hawajui waanzie wapi, na walioanzisha miezi sita iliyopita na sasa wamebaki watatu ukumbini. Hao wa pili ndio wenye maswali mazuri zaidi. Mahali ambapo jibu linasikika kali, ujue nilishaumia hapo.

Kuna haja gani ya klabu wakati picha zote siku hizi zinaonwa kwenye simu?

Kwenye simu picha yako inatazamwa sekunde mbili, kidole gumba kinasukuma, imepita. Klabuni picha hiyohiyo inawekwa ukutani, watu kumi wanaitazama kimya kwa dakika nzima, halafu mmoja anakuambia kitu ambacho hukukiona ulipobonyeza. Klabu ipo kwa ajili ya jioni hiyo. Ada, katiba, mashindano na chai ni vya kuiwezesha tu.

Wala wazo hili si geni. Upigaji picha ulitangazwa hadharani Paris mwaka 1839, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 kulikuwa tayari na mabwana kadhaa huko Edinburgh, wengi wao mawakili, waliokuwa wakikutana majumbani mwao kuonyeshana picha za karatasi. Chama cha wapiga picha cha London kilianzishwa mwaka 1853, cha Ufaransa mwaka 1854, na vyote viwili vipo hadi leo. Mwaka 1963 wapiga picha weusi wa New York waliunda kundi lao na kulipa jina la Kikikuyu, Kamoinge, lenye maana ya watu wanaofanya jambo kwa pamoja. Nao walikuwa wakikutana majumbani kukosoana picha bila kuoneana haya. Kamera zimebadilika mara nyingi katikati ya hapo, lakini hakuna iliyompa mtu uwezo wa kuiona picha yake kwa macho ya mwenzake.

Tuanze tukiwa wangapi?

Watano wanatosha. Watatu inawezekana, ila mmoja akisafiri na mwingine akiugua hakuna mkutano. Kosa ni kusubiri watimie ishirini ndipo muanze. Watu hujiunga na kitu wanachokiona kinaendelea.

Kuna na upande wa pili. Picha moja ikipewa dakika tano, watu ishirini na tano wanahitaji zaidi ya saa mbili, na hapo kila mtu ameleta picha moja tu. Mkifika idadi hiyo, gawanyeni jioni mbili.

Mwenye simu tu anakaribishwa?

Anakaribishwa, na asiketi nyuma. Simu ina mipaka yake: kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo gizani picha hujaa chembechembe, na zumu ya kidijitali kazi yake ni kukata kipande cha picha na kukikuza. Lakini kuchagua pa kusimama, kusoma mwanga na kujua wakati wa kubonyeza, hayo hayauzwi pamoja na lenzi.

Klabuni kwetu tulijiwekea sheria kwamba nusu saa ya kwanza ya kila mkutano ni marufuku kutaja aina ya kamera. Wenye lenzi ndefu walipata tabu kidogo, wakazoea.

Mkutano wa kwanza uwe wapi, na tuzungumze nini?

Tafuteni mahali penye umeme, panapoweza kutiwa giza ili projekta ionekane, na panapofikika na mtu asiye na gari. Fikirieni hasa safari ya kurudi usiku; wengi hukagua njia ya kwenda tu. Maktaba, darasa baada ya masomo, ukumbi wa jumuiya, vyote vinafaa. Sebule ya mtu inafaa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo mwenye nyumba atachoka, na mwenzi wake atakuwa ameshachoka kabla yake.

Kila mtu aje na picha tatu: moja anayoipenda, moja iliyomshinda, na moja ambayo hajui aifikirieje. Hizo zinatosha kujaza saa mbili. Msianze na katiba. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kwanza wa klabu ambapo muda wote uliishia kwenye rangi ya nembo. Mkutano wa pili haukuwepo.

Tukutane mara ngapi?

Mara mbili kwa mwezi, moja ndani, moja nje, na siku zisibadilike. Jumanne ya kwanza iwe Jumanne ya kwanza hata mvua ikinyesha. Siku mtakayoanza kuulizana "wiki hii wenzangu mnapatikana lini?" ndiyo siku klabu inapoanza kuugua.

Jioni ya kutazama picha inaendeshwaje?

Hapa nitakaa kidogo.

Kila mwanachama atume picha mbili kwa katibu angalau siku moja kabla, zikiwa JPEG. Kwa projekta ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080, hakuna faida ya kutuma faili kubwa kuliko hapo. Rangi zihifadhiwe kwa profaili ya sRGB, yaani mpangilio wa rangi ambao skrini nyingi huutumia. Wageni huliona hili kama mbwembwe za wataalamu, lakini picha iliyohifadhiwa kwa Adobe RGB, mpangilio mwingine wenye rangi nyingi zaidi, ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili hutoka imepauka, na mwenyewe atatumia dakika zake zote kuapa kwamba nyumbani haikuwa hivyo.

Katibu anazipanga bila majina. Picha inawekwa, watu wanakaa kimya dakika moja. Dakika hiyo ni ndefu kuliko mnavyodhani. Mara mbili za kwanza mtu atacheka au atakohoa. Vumilieni. Kisha mwendeshaji anauliza: "Jicho lako limeanzia wapi?" Watu waseme wanachokiona kabla ya kusema wanachokipenda. Mwenye picha hafungui mdomo mpaka mwisho, kwa sababu akianza kueleza, wote wataanza kuyatazama maelezo badala ya picha.

Jioni moja iliwekwa picha ya mvulana anayeruka dimbwi la maji. Kimya. Wa kwanza akasema jicho lake limeanzia kwenye ndoo nyekundu, kushoto, pembeni kabisa. Wa pili akasema na yeye, ndoo. Wa tatu akasema kiatu cha mvulana kimegusana na kivuli cha nguzo, kwa hiyo haonekani kama yuko hewani. Mmoja wetu akainuka na kipande cha kadibodi, akakishikilia ukutani kuifunika ndoo. Mara moja mvulana akawa ndiye picha. Mwenyewe, aliyekuwa ameketi akitafuna kifuniko cha kalamu, alisema ameitazama picha hiyo wiki nzima na ndoo hakuwahi kuiona. Tangu siku hiyo kadibodi mbili zenye umbo la L hukaa juu ya meza karibu na projekta, na ndicho kifaa cha bei nafuu na cha maana kuliko vyote tulivyo navyo.

Neno "nzuri" linaruhusiwa, lakini ukilitamka utaulizwa: nzuri wapi?

Mtu akichukia kukosolewa je?

Atachukia, na wa kwanza anaweza kuwa wewe uliyeanzisha. Lugha husaidia sana. "Macho yangu yanakimbilia kwenye ndoo" ni habari, na mwenye picha anaweza kuifanyia kazi. "Hujui kupanga picha" ni tusi. Mgeni aruhusiwe mikutano miwili ya kutazama tu kabla ya kuleta zake.

Tatizo kubwa zaidi ni bingwa anayefurahia kumvunja mgeni moyo. Sisi tulimwacha mmoja kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa na ujuzi kutuzidi sote, na wageni walikuwa wakija mara moja, hawarudi. Mwenyekiti amwite pembeni jioni hiyohiyo; msisubiri mkutano mkuu.

Ada tuipange vipi?

Orodhesheni gharama halisi za mwaka: ukumbi, uchapishaji, balbu au matengenezo ya projekta, chai. Jumla mnayoipata igawanyeni kwa nusu ya wanachama mlio nao, maana hao ndio watakaolipa kwa wakati. Wengine wakilipa, hiyo ni akiba.

Mgeni asilipe mara mbili za kwanza. Wanafunzi walipe pungufu. Pesa zisikae kwenye simu ya mtu mmoja hata kama ni mwaminifu kama jua, kwa sababu siku simu ikipotea mtaanza kutazamana kwa macho mabaya bila yeyote kuwa na kosa. Kutoa pesa kuhitaji idhini ya watu wawili, na daftari lisomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, likionyesha mpaka pesa ya sukari.

Lazima tuwe na katiba na usajili?

Katiba ya ukurasa mmoja inatosha: jina, lengo, nani mwanachama, viongozi wanachaguliwaje na kwa muda gani, pesa zinatolewaje, mwanachama anaondolewaje, na mali zitakwenda wapi klabu ikivunjika. Usajili hutegemea sheria za nchi yenu. Mara nyingi haja yake huonekana mnapotaka akaunti ya benki kwa jina la klabu au mnapoomba ufadhili. Kabla ya hapo, pigeni picha.

Viongozi wawe wangapi, na nani afanye nini?

Mwenyekiti wa kuendesha vikao, katibu wa kupokea picha na kutuma taarifa, mweka hazina, na mratibu wa matembezi. Cheo kingine chochote ni cha kumfurahisha mtu.

Jambo la kuogopa ni mtu mmoja kubeba yote. Ufunguo wa ukumbi uko kwake, projekta iko kabatini kwake, nywila anazijua yeye, na orodha ya wanachama iko kwenye simu yake. Akihamia mji mwingine, amehama na klabu. Kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua, na kweli aifanye mara moja moja mwenye kazi akiwa amekaa pembeni. Uongozi upokezanwe kila mwaka au miwili, hata kama aliyepo ni mzuri. Hasa kama ni mzuri, maana atachoka kimyakimya.

Matembezi ya kupiga picha tuyapangeje?

Tokeni jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Wakati huo mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, rangi ya bluu hutawanyika njiani, na kinachobaki kinaelemea manjano na wekundu. Vivuli navyo hurefuka na kuonyesha umbo la ukuta, la barabara, la uso. Mkilazimika kutoka mchana wa jua kali, ni nafasi ya kuwafundisha wanaoanza kanuni ya f/16: tundu la lenzi liwe f/16, ambalo ni dogo, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ilingane na ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. ISO 100, kasi ni 1/100 ya sekunde au iliyo karibu nayo, 1/125. Mtu akishaona kwamba picha imetoka sawa bila kamera kumfikiria, huacha kuiogopa mikono yake.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la fremu 36. Kila mtu ana picha 36 tu kwa saa mbili, kama mkanda wa filamu wa zamani, na hakuna kufuta. Nusu saa ya kwanza watu huzunguka kama waliopoteza kitu. Baadaye utamkuta mmoja amesimama mbele ya dirisha moja dakika kumi, akisubiri mtu apite. Jioni inayofuata klabuni, leteni fremu zote 36 kwa mpangilio wa kupigwa, pamoja na zilizoharibika. Mtaona jinsi mwenzenu alivyokaribia picha hatua kwa hatua, na mara nyingi mtagundua kwamba aliondoka fremu moja mapema.

Tembeeni wawili wawili, na semeni mapema mtakutana wapi na saa ngapi. Mratibu aulize ruhusa kabla: kambi za jeshi, viwanja vya ndege, mahakama na majengo ya serikali ni maeneo ambayo nchi nyingi huyawekea masharti. Droni zina sheria zake, na mara nyingi zinahitaji kibali. Kundi la watu kumi wenye kamera huonekana kama jambo fulani hata kama si jambo lolote; awepo mmoja anayejua kueleza kwa upole.

Tunaweza kupiga picha za watu tusiowajua?

Sheria hutofautiana, na mahali pengi kupiga picha mtu hadharani hakukatazwi. Ila kuruhusiwa na kuwa na adabu ni vitu viwili. Omba. Ukiona kuomba kutaharibu picha, piga, kisha mwonyeshe. Akikataa, futa mbele yake. Ukiahidi kumtumia, mtumie.

Watoto wahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na picha isitoke na jina la mtoto wala la shule. Kabla ya kutuma faili popote, ondoeni taarifa za mahali: simu ikiwa imeruhusiwa kurekodi eneo, picha huweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa, na asiyekusudiwa akaisoma.

Kuhusu picha za watu walio katika shida, kila klabu itabishana. Kipimo changu ni cha kienyeji tu: angekuwa mama yangu, ningeiweka ukutani?

Picha iliyopigwa kwenye shughuli ya klabu ni mali ya nani?

Kwa kawaida ni ya aliyebonyeza. Chini ya Mkataba wa Berne, uliofikiwa mwaka 1886 na ambao nchi nyingi za dunia zimejiunga nao, ulinzi wa hakimiliki hauna sharti la kusajili kazi kwanza. Klabu ikitaka kuitumia picha kwenye bango au kalenda, iombe kwa maandishi, ikitaja wapi na kwa muda gani. Na kumbukeni hakimiliki ya mpiga picha haifuti haki ya aliyepigwa. Hizo ni ruhusa mbili.

Tuwe na mashindano?

Mwaka wa kwanza, hapana. Mashindano yakija mapema, watu huanza kupiga picha za kumfurahisha jaji, na ndani ya miezi michache kila mtu analeta machweo. Baada ya hapo, mawili au matatu kwa mwaka yanasaidia, kwa sababu tarehe ya mwisho humtoa mvivu nyumbani.

Majaji wawe watatu, watoke nje ya klabu, watazame picha bila majina, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake. Wakizungumza kwanza, mwenye sauti nzito ndiye atakayekuwa jaji. Mada ziwe finyu: "mlango", "kusubiri", "mikono". Mada pana kama "uzuri" huleta picha za zamani zilizotolewa kabatini.

Andikeni sheria za uhariri mapema. Katika mashindano ya picha za wanyama na mazingira, desturi iliyoenea ni kwamba hakuna kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwemo. Picha zilizotengenezwa na akili unde ziamuliwe kabla ya shindano la kwanza, kwa sentensi moja isiyo na kona. Sisi tunawaomba washindi faili la awali kama lilivyotoka kwenye kamera. Mkikomaa na kutaka kutoka nje, kuna shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha, FIAP, lililopo tangu mwaka 1950, linalosimamia mashindano katika nchi nyingi. Someni sheria zao hata kama hamshiriki, zitawapunguzia mabishano.

Na maonyesho?

Fanyeni, hata kama ni kwenye korido. Mtu aliyeiona picha yake imesafishwa na kuwekwa fremu hubadilika.

Wengi huogopa kwamba picha za simu hazitachapika. Tupige hesabu: karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, karibu megapikseli 8.7. Simu nyingi zinavuka hapo. Faili hilohilo linatosha A2 kwa nukta 150, kwa kuwa picha kubwa hutazamwa kutoka mbali zaidi. Kinachowaangusha watu ni mwanga wa skrini: karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo picha iliyopendeza kwenye skrini kali hutoka nyeusi. Punguzeni mwanga wa skrini wakati wa kuhariri, na chapisheni moja ya majaribio kabla ya zote.

Ningʼinizeni katikati ya kila picha iwe karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, zote kwa mstari mmoja. Ishirini zinatosha. Na mtu asichague zake peke yake. Tunachagua vibaya picha tulizozitolea jasho.

Klabu inunue vifaa gani?

Projekta, mkiwa hamna ya kuazima. Baadaye taa moja na stendi ya kamera imara. Kamera ya klabu msinunue: kila mtu ataiazima, hakuna atakayeisafisha.

Picha za klabu tuzihifadhi wapi?

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Diski moja ndani ya droo si hifadhi.

Wanachama wanapungua. Tufanye nini?

Wapigieni simu walioacha, mmoja mmoja, muulize bila kujitetea. Mara nyingi sababu ni ndogo kuliko mlivyodhani: siku ilibadilishwa, kikao kinachelewa kuisha, kila mara ni matangazo na picha zinaanza saa nzima baadaye. Sisi tulisogeza matangazo yakawa mwisho, na watu wawili wakarudi.

Ikishindikana kabisa?

Ifungeni vizuri. Klabu kufa si fedheha: kundi la f/64, la wapiga picha akina Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham huko California, lilianza mwaka 1932 na halikudumu miaka mingi, na bado linazungumzwa. Lipeni madeni, gaweni mali kama katiba inavyosema, rudisheni ufunguo wa ukumbi. Picha zilizochapishwa zirudi kwa wenyewe, hata kwa yule aliyeacha kuja zamani. Msimwambie aje kuichukua, mpelekeeni.